Koleo la Pravinbhai na Kompyuta Mbili za Mzee Hemedi

Vijana, marahaba. Nawaitikia kabla hamjaniamkia, maana najua wengi wenu mtasoma haya mmejilaza na simu usoni. Binti yangu ndiye aliyenisukuma niandike jinsi nilivyofanya ufundi wa kompyuta Kariakoo, enzi ambazo kuhamisha barua moja kutoka kompyuta ya chumba hiki kwenda ya chumba cha pili kulikuwa shughuli ya kualika fundi. Nimekubali kwa sharti moja: nitasema yaliyokuwa moyoni, sio yaliyoandikwa kwenye cheti. Na la kwanza lililokuwa moyoni ni wivu. Wivu wa mume ninao wa kawaida tu, kama mwanamke yeyote. Wivu wa kazi ndio ulionikaa mwilini, na kwa miaka mingi ulikuwa wivu wa koleo.

Lilikuwa koleo la kubania plagi za waya wa mtandao, zile plagi ndogo za plastiki ambazo ukiziangalia kwenye mwanga unaona nyuzi nane za rangi zimejipanga ndani. Mkono wake ulikuwa mwekundu, na upande mmoja rangi imelika pale dole gumba la Pravinbhai lilipozoea kulalia. Pravinbhai ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na duka uchochoroni, ukitoka Mtaa wa Uhuru, mbele kabati za vioo, nyuma meza ya ufundi, na juu ya mlango picha ya mungu wake aliyoifukizia udi kila asubuhi kabla hajagusa bisibisi.

Kwake nilikwenda sijui kompyuta. Nilikuwa mpiga chapa katika shirika la umma, likauzwa, sisi wengine tukapewa mkono wa kwaheri na mashine zetu za kupigia chapa tukaambiwa tunaweza kuondoka nazo. Nikaibeba yangu mpaka kwa Pravinbhai nimuulize kama atainunua. Akaniuliza kama naweza kuifungua. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga, wala skrubu moja haikubaki mezani. Akasema, basi usiiuze, keti hapo. Nikaketi, nikazeekea hapo hapo.

Hizo ndizo siku ambazo soko lilikuwa limefunguliwa. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi kubwa, kwa kibali, na sisi wadogo tuliiona kupitia mlango ulioachwa wazi kwa bahati mbaya. Halafu ghafla zikaanza kuteremka bandarini mpya na mitumba, za Dubai na za wapi sijui, na kila mfanyabiashara wa Kariakoo akataka moja dukani na moja nyumbani. Mwenye ya zamani akanunua mpya, na swali likawa lile lile kila siku: fundi, kazi zangu zote zimo kwenye ile ya zamani, nitazihamishaje?

Kosa langu kubwa la mwanzo nililifanya kwenye swali hilo. Tulikuwa na waya mnene, unachomekwa nyuma mahali pa printa, kompyuta hii na hii. Ukishachomeka, programu inakuuliza kila mashine: wewe ni mwenyeji au mgeni? Mwenyeji ndiye mwenye mafaili, mgeni ndiye anayekuja kuchukua. Mimi kwa adabu zangu za nyumbani nikaona kujiita mwenyeji ni kujikweza. Nikazijibia zote mbili kwamba ni mgeni, nikakaa kusubiri. Nikasubiri mpaka chai ikapoa, nikabadilisha waya, nikasubiri tena.

Pravinbhai akaja akasimama nyuma yangu, akaangalia kioo kimoja, akaangalia cha pili. "Mwanaidi," akasema, "hawa wageni wawili wamesimama mlangoni wanapiga hodi. Nani atasema karibu?"

Alicheka mpaka akakohoa, na mtaa mzima ukajua. Muuza kahawa akipita ananiita mgeni. Lakini somo lile limenifaa kuliko kitabu chochote: kompyuta mbili haziwezi kuelewana kama hazijagawana kazi. Hata waya mwembamba wa mtandao uliokuja baadaye ulitaka hivyo hivyo. Ukiunganisha mashine mbili moja kwa moja, bila kisanduku katikati, lazima jozi mbili za nyuzi za upande mmoja uzivushe: zile za kusemea za huyu ziende kwenye za kusikilizia za yule, rangi ya machungwa ikae mahali pa kijani. Usipovusha, wote wanasema na hakuna anayesikiliza. Nyumba za namna hiyo mnazijua.

Basi nikawa fundi wa pekee wa Pravinbhai, na nikajiona. Halafu akaja Sudi.

Sudi alitoka Ilala, kijana mtanashati, ana cheti cha kozi na tabasamu la kumaliza shida. Sikumpenda. Angekuwa mvivu au mwongo ningestarehe, lakini alikuwa mchapakazi, ananisalimia vizuri, ananiita dada. Mtu wa hivyo unamwekaje kinyongo? Nilimwekea hivyo hivyo. Wateja wa maofisi wakawa wake, kwa sababu anapanda ngazi na kutambaa juu ya dari kwa suruali, na mimi ni mwanamke wa gauni na mtandio. Na siku moja Pravinbhai, akiwa anazungumza mambo mengine kabisa, akalitoa koleo lake kwenye msumari akamkabidhi Sudi alitundike mkandani. Hakusema kwa nini. Mimi nilikuwa pale pale nimeshika chuma cha kulehemu, moshi unaniingia machoni, na sikuwa na haja ya kusingizia moshi.

Nilijua maana yake. Pravinbhai alikuwa anatafuta chumba cha duka la pili, Mtaa wa Sikukuu, la kazi za mtandao tupu. Mmoja wetu angelisimamia. Nilikuwa nimelitamani duka hilo tangu siku alipolitaja, nimeshalipanga rafu kichwani, nimeshachagua mahali pa feni. Sasa Sudi anatembea na koleo kiunoni, linagongana na chuma cha mkanda, ngi, ngi, kila akipita.

Ndipo ikaja kazi ya Mzee Hemedi.

Mzee Hemedi alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa pwani, mcha Mungu, mwenye nyumba ya Kiswahili pale Kariakoo: ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma. Alikuwa na wake wawili ndani ya nyumba hiyo moja. Bi Mkubwa upande wa kulia, Bi Mdogo upande wa kushoto. Mtaa mzima uliwaita hivyo, na mimi pia. Bi Mkubwa alikuwa na kompyuta ya zamani, niliyoifunga mimi mwenyewe, na kwa kompyuta hiyo alijijengea jina la kuchapa kadi za harusi. Hapakuwa na harusi Kariakoo ambayo kadi yake haikupita mkononi mwake. Maua ya pembeni, dua ya juu, mpangilio wa majina ya wazazi nani atangulie nani afuate, yote yalikuwa kwenye mafaili yake.

Halafu Mzee akamletea Bi Mdogo kompyuta mpya na printa ya rangi. Alikuwa mtu wa haki, alitaka kumnunulia na Bi Mkubwa vile vile. Bi Mkubwa akakataa. Alisema kipya cha kufutia machozi hakitaki.

Kwa hiyo kazi zote nzuri zilikuwa upande wa kulia, na printa ya rangi ilikuwa upande wa kushoto, na kati yao ukumbi wa hatua chache. Bi Mkubwa akitaka kuchapa kadi ya rangi, inabidi aiweke kwenye flopi, kile kidiski bapa, avuke ukumbi, abishe hodi kwa mke mwenzake na asubiri kukaribishwa. Wanawake mtanielewa. Aliivumilia hodi hiyo kwa muda, kisha akaanza kuwarudisha wateja, anawaambia rangi siku hizi si fasheni. Biashara yake ilianza kufa kwa ajili ya mlango. Bi Mdogo naye alikuwa na printa nzuri na hana cha kuchapa, kwani kila aliyejaribu kumpa kazi ya kadi alitaka maua yale yale ya Bi Mkubwa. Mzee Hemedi akaja dukani kuomba waya utakaovuka ukumbi badala ya mtu.

Pravinbhai akampa Sudi kazi hiyo, akaniambia na mimi niende. Sababu ilikuwa moja tu: kompyuta zote mbili zilikuwa vyumbani mwa wenye nyumba, vitanda pale, nguo pale, na Mzee anashinda bandarini. Mwanamume wa kuja hawezi kuingia humo. Sudi alitakiwa akae ukumbini na koleo lake, mimi niingie ndani na ncha za waya. Yaani yeye ni fundi, mimi ni mkono wake mrefu. Nilitembea kutoka dukani mpaka kule sikumsemesha.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Mashine ya zamani haikuwa na kadi ya mtandao, kile kibao cha ndani cha kuchomekea waya, na kadi mpya haziingii kwenye tundu zake ndefu za kizamani. Tukachimbua moja ya kizamani kwenye lundo la Pravinbhai. Nilipoifunga ikaomba diski za Windows, tena kwa CD, wakati yenyewe haina hata mahali pa kuingizia CD. Nikaanza kuilisha flopi moja moja, huku Bi Mkubwa ameketi kitandani ananitazama. Wakati huo Sudi ukumbini anapiga kelele, "Dada, umeona taa?" Namjibu sijaona. "Sasa?" Bado. Waya tuliupitisha juu ya milango, mbali na waya wa umeme, tukaacha mikunjo ya akiba kila upande. Hilo mlishike: siku zote acha akiba, kwa sababu wanawake huhamisha meza.

Mwishowe ile taa ya kijani ya kwenye kadi ikawaka kwangu, nikakimbia kushoto, nikakuta imewaka na huko. Nikatoka kumwambia Sudi, na papo hapo umeme ukakatika. Mgawo. Tukasubiri kidogo uani, tukapewa juisi ya ukwaju, umeme haukurudi. Sudi akasema taa zimewaka pande zote mbili, kazi imekwisha, tukaondoka. Nami nilikubali. Taa ya kijani, wanangu, haisemi kwamba mashine zinaelewana. Inasema zinasikiana pumzi tu.

Siku chache baadaye Mzee Hemedi akaingia dukani macho mekundu, akakaa bila kukaribishwa. Alisema nyumba haikaliki. Wake zake wanaamka kabla ya adhana kila mmoja akimbilie kuwasha kompyuta yake, umeme ukikatika mchana wanakaa wima karibu na swichi, ukirudi kila mtu anaruka. Hakuna anayezima, hakuna anayemsemesha mwenzake, na yeye chai anakunywa kwenye mgahawa.

Pravinbhai akatuuliza tumezipa mashine majina gani. Mimi ile ya Bi Mkubwa nilikuwa nimeiandika HEMEDI siku nyingi zilizopita, kwa agizo la Mzee. Sudi akasema na yeye ile mpya aliiandika HEMEDI dukani kabla haijapelekwa, kwa agizo lile lile. Wote tukamgeukia Mzee.

"Nimefanya sawa kwa sawa," Mzee akasema. "Ningeandika jina langu kwa mmoja, mwingine ningemwambia nini?"

Kwenye mtandao mashine mbili haziwezi kuwa na jina moja. Inayowaka kwanza inalichukua jina, ya pili ikiwaka inaandikiwa kwamba jina hilo tayari linatumika, na mlango unafungwa. Kwa hiyo katika nyumba ile, aliyewahi kuwasha ndiye aliyekuwa Hemedi mpaka umeme ukatike. Bi Mdogo alikuwa msomi, Kiingereza kilikuwa kinapanda, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusoma ujumbe ule. Aliusoma kwa sauti, mlango wake wazi, ili na upande wa pili wausikie: mashine yangu inaniambia jina la mume wangu linatumiwa na mtu mwingine.

Tukarudi kule, Sudi ukumbini, mimi vyumbani. Nilimweleza Bi Mkubwa kwamba lazima mmoja abadilishe jina. Akaniuliza kwa utulivu kabisa kama nimetumwa. Nikavuka kwa Bi Mdogo, akaniambia jina hilo aliandikiwa na mumewe, alikuta limeandikwa, hakuliomba, na hatalivua kwa ajili ya waya. Nikarudi ukumbini kwa Sudi. Sudi kwa akili yake ya ofisini akaona jambo rahisi. Kabla sijamzuia akapaza sauti, kwa heshima zote, kwamba basi moja tuiandike BIMKUBWA na nyingine BIMDOGO, imekwisha.

Bi Mdogo alitokea mlangoni, mtandio kichwani, akamuuliza, "Kaka, yaani mimi kila nikiwasha mashine yangu, ndani ya chumba changu, iniambie mimi mdogo?" Na Bi Mkubwa kutoka ndani, bila kujitokeza, akasema wamwache kijana wa watu, na ukubwa nao ni jina waliompa walipomletea mwenzake, hakuzaliwa nalo.

Sudi akaniangalia. Kwa mara ya kwanza tabasamu halikuwepo, na wivu wangu ulifurahi, siwafichi. Ningeweza kumwacha pale, na mteja angerudi kwa Pravinbhai kulalamika kwamba fundi wa koleo ameshindwa. Lakini maneno ya Bi Mkubwa yalikuwa yamenigusa mahali pangu mwenyewe. Mimi nami dukani sikuwa na jina tena. Tangu Sudi aje wateja waliniita yule mama, yule wa zamani. Nilijua mwanamke huyu anaumwa wapi kama ninavyojua jino langu.

Nikaingia, nikakaa naye kitandani, nikamuuliza yeye jina lake hasa nani.

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jambo la aibu. Alikuwa mke wa Hemedi, mama wa fulani, Bi Mkubwa wa mtaa. Alifikiri. "Khadija," akasema. Kisha akalirudia, polepole. Nikaliandika mbele yake, herufi moja moja, nikampa yeye mwenyewe abonyeze kitufe cha kukubali. Mashine ikataka izimwe iwashwe upya, na ile ya zamani kuwaka kwake mnaweza kupika chai. Akaniambia niandike jina hilo na chini ya kadi zake zote, kwa herufi ndogo, pembeni.

Bi Mdogo aliposikia mwenzake ameliacha jina la Hemedi kwa hiari, alipoteza hamu nalo. Wivu ndivyo ulivyo, kitu kikiachwa na mwenzio kinapungua ladha. Akaniambia jina lake Salha, na niliandike. Sasa chini ya jina la mashine pana nafasi nyingine, ya jina la kundi, na hilo sharti liwe moja kwa mashine zote, la sivyo hazionani. Hapo kulia nikaandika HEMEDI, na kushoto nikaandika HEMEDI. Kila mmoja ana jina lake, na Mzee yuko kwa wote wawili.

Kilichobaki kilikuwa kugawana mafaili. Bi Mkubwa akaninong'oneza: ina maana akifungua huko anaona vyangu vyote? Hili nalo lishikeni. Usifungue mashine nzima. Tengeneza folda moja, weka humo cha kugawana, fungua hiyo tu. Nikamwambia tunamfungulia ukumbi, chumba tunakifunga. Akacheka, na kicheko chake kikasikika kushoto, Bi Mdogo naye akauliza kuna nini huko, nikamweleza naye akacheka. Nilipofungua orodha ya mashine kwenye kioo, KHADIJA ilikuwa juu na SALHA chini, alfabeti yenyewe ndiyo iliyopanga. Bi Mkubwa aliliona hilo, akaniongeza sukari kwenye chai.

Kadi ya kwanza ikatoka upande wa kushoto, ya rangi, maua yake yote. Bi Mdogo akaileta mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa mwenzake akasema, "Hodi, dada, kazi yako hii." Karibu ilichelewa kidogo, lakini ilikuja.

Mzee Hemedi alimaliza mambo yake bandarini akapitia dukani kushukuru. Alimshika Sudi mkono kwa mikono miwili. Alisema kijana huyu ameiokoa nyumba yake. Mimi nilikuwa nyuma ya meza, aliniona, akaniuliza hali. Sudi alisema, "Ni dada Mwanaidi, mzee." Mzee akasema naam, naam, Mungu awabariki wote, na akaendelea kumshika Sudi mkono.

Duka la Mtaa wa Sikukuu alipewa Sudi. Siku hiyo hiyo Pravinbhai aliniita, akafungua droo, akanipa koleo jipya kabisa, ndani ya boksi lake, mkono mweusi unang'aa. Alisema hakutaka nijisikie vibaya. Akaniambia hili duka la zamani ni langu kulisimamia, na koleo ninalo, sasa mimi na Sudi tuko sawa kwa sawa. Nililishika nikakumbuka kipya cha kufutia machozi. Nilitaka kumrudishia. Lakini mimi si Bi Mkubwa, nilikuwa na kazi ya kufanya kesho yake, nikalipokea na kusema ahsante Bhai.

Nilifanya kazi na koleo lile mpaka nilipostaafu. Pravinbhai alipokwenda kuishi na watoto wake ng'ambo, duka likabaki mkononi mwangu na nikaliandika jina langu juu ya mlango, jina langu mimi. Nyumba za Kariakoo zikanijua. Popote palipokuwa na kompyuta chumbani, nilikuwa naitwa mimi. Kadi za Khadija zilipendwa sana, na baadaye zikawa za Khadija na Salha. Nilipata heshima ya kutosha. Na bado kila nilipopita Sikukuu nikaliona lile koleo jekundu linaning'inia msumarini kwa Sudi, pale lilipolika kwa dole gumba, kifua kilinichoma kama siku ya kwanza.

Mwaka huu Sudi naye ameamua kufunga, macho hayamsaidii tena. Nilikwenda kumpa pole na hongera, vyote kwa pamoja. Tukakaa, tukacheka habari ya Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Nikamwambia, maana uzee umeniondolea haya, kwamba nimemwonea wivu maisha yangu yote kwa ajili ya koleo lile.

"Dada," akasema, "mimi miaka yote ile nilikuwa nakaa ukumbini. Nyie mko ndani mnakunywa chai, nawasikia mnacheka, mkitoka hamnambii mlichochekea. Ofisi nilizofunga mimi hakuna aliyewahi kuniuliza hata nimekula. Unajua nilivyokuwa najisikia?"

Sikujua. Kisha akanyanyuka, akalitungua koleo jekundu msumarini. Akasema tubadilishane, nimpe lile langu jeusi, atamwachia mjukuu wake anayeanza ufundi. Nililitoa kwenye mkoba, kwa sababu mpaka leo natembea nalo, nikampa. Akanipa la Pravinbhai.

Nililibinya pale pale. Dole gumba langu halikulijaza lile bonde pale rangi ilipolika. Mkono wa Pravinbhai ulikuwa mkubwa. Na meno yamelika, springi imelegea, haliwezi kubana plagi hata moja. Sudi akasema liko hivyo miaka mingi, alikuwa analitundika tu. Nikalifunga kwenye khanga, nikamuaga, nikashika njia ya Msimbazi nimelikumbatia.

Sikufika mbali. Kwenye kona ya wauza ndoo nilisimama, nikaanza kuliwaza lile langu jeusi, linavyobana kwa mlio mmoja mkavu, springi yake bado ngumu, na sasa liko mkononi mwa mjukuu wa Sudi. Yule mtoto hata hajui kulitunza. Nimeshamtumia Sudi ujumbe kwamba kesho napita kulikagua.